Daftari lilisema tangu Mei

*Desemba ni mwezi wa kuvunja vikoba. Fedha huhesabiwa mpaka shilingi ya mwisho, lakini mwaka wenyewe husomwa na wachache. Makala haya yanaeleza kwa nini kitabu cha hisa kina thamani kuliko noti zilizomo sandukuni.*

Na Mwandishi Wetu

DAR ES SALAAM. Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya Desemba, turubai limeshafungwa kati ya mwembe na ukuta wa nyumba moja ya Mbagala. Viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa nusu duara. Uani pilau linanukia. Wanawake 25 waliovaa sare ya kitenge kimoja wamekaa wanatazama njia.

Wanamsubiri mtunza ufunguo wa tatu. Bila yeye sanduku halifunguki. Ni sanduku la chuma lililopakwa rangi ya bluu, lina kufuli tatu, na kila kufuli ina mwenye ufunguo wake. Mama anayelala na sanduku hilo nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja.

Mtunza ufunguo anafika kwa bodaboda, anaomba radhi, anatozwa faini ya kuchelewa shilingi 1,000 papo hapo. Watu wanapiga makofi. Kufuli zinafunguliwa moja baada ya nyingine, na noti zinamwagwa juu ya mkeka.

Katibu anafungua kaunta buku na kuanza kusoma majina. Muuza vitumbua anapokea shilingi 992,000, vigelegele vinapigwa. Fundi cherehani anapokea, vigelegele. Mpaka jina la 17.

Jina la 17 ni la mama wa genge. Hisa zake zimefikia shilingi 434,000, lakini anadaiwa 380,000. Baada ya makato anabakiwa na 54,000. Anazipokea kwa mikono miwili, anarudi kukaa, anaweka kitenge chake vizuri magotini. Safari hii vigelegele havikupigwa.

Ndipo mwenyekiti akaomba kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Akamwomba mama wa genge ampe kitabu chake cha hisa.

Kilichoonekana humo ndicho kiini cha makala haya, nami nitakirudia. Kwanza tuelewe siku hii ya kuvunja ilitoka wapi, na kwa nini kila Desemba inazua ubishi ule ule.

Kikoba kina mwisho wake

Kabla ya vikoba palikuwa na upatu, ambao wengine huuita mchezo. Kila mmoja anatoa kiasi sawa, fungu lote linakwenda kwa mmoja, kisha zamu inahama. Kenya wana chama, Rwanda wana ibimina. Upatu hauhitaji maandishi mengi; wakumbuke zamu tu, na waaminiane.

Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini utaratibu uliokwenda mbele zaidi. Wanawake wale walijulikana kwa jina la Kihausa, Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Waliweka akiba, wakakopeshana kutokana na akiba hiyo, wakatozana riba, na baada ya muda wakagawana vyote.

Utaratibu huo ukasambaa Afrika. Kwetu, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani kisiwani Unguja ni miongoni mwa vilivyotangulia. Bara ukaenea kwa jina la VICOBA, kifupisho cha maneno ya Kiingereza ambacho Kiswahili hakikuchelewa kukimeza: kikoba kimoja, vikoba viwili. Tena lilikuwa jina lenye bahati, maana kikoba kwetu ni mkoba mdogo.

Siri ya utaratibu huu ni kwamba una mwisho. Mzunguko huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha kikundi kinavunjwa. Mikopo yote inarejeshwa, fedha zinawekwa mezani, kila mtu anapewa chake. Walioubuni walijua kwamba mwanachama wa kijijini hatamwita mkaguzi wa hesabu. Basi siku ya kuvunja ikawa ndiyo ukaguzi: kilichoandikwa kitabuni kionekane kwa macho, kishikwe kwa mkono.

> Siku ya kuvunja ndiyo ukaguzi wa mwanachama asiye na mkaguzi.

Serikali nayo ilivitambua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na daraja la nne ni vikundi vya kijamii kama hiki cha Mbagala. Usajili wake hufanyika kwenye halmashauri.

Lakini hakuna sheria inayoweza kuwalazimisha watu 25 kuufikiria mwaka wao. Hilo limebaki kuwa hiari, na kwa vikundi vingi hiari hiyo humezwa na harufu ya pilau.

Hesabu ya hisa moja

Tuzitazame namba za kikundi hiki, kwa sababu ndani yake kuna mafunzo ambayo katibu anayesoma majina kwa haraka hana nafasi ya kuyatoa.

Hisa moja ni shilingi 5,000. Kila wiki mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na kwa kila hisa hugongewa muhuri kwenye kitabu chake. Kwa wiki 48 kikundi kimeuza hisa 4,000, yaani shilingi milioni 20. Riba ya mikopo imeingiza shilingi milioni 4.8. Jumla ni milioni 24.8. Gawanya kwa hisa 4,000, kila hisa imekuwa shilingi 6,200.

Mama wa vitumbua alikuwa na hisa 160. Aliweka 800,000, akapokea 992,000. Faida yake ni 192,000, na ndiyo iliyopigiwa vigelegele.

Sasa tuusogeze ukurasa mmoja nyuma. Mwezi wa saba mama huyo alikopa shilingi 500,000 kwa miezi mitatu. Riba ya kikundi ni asilimia 10 kwa mwezi. Alilipa riba ya 150,000. Kwa hiyo katika ile faida ya 192,000, shilingi 150,000 zilifidia tu riba aliyolipa, ni kama zimerudi kwa mlango wa mbele baada ya kutokea mlango wa nyuma. Kilichobaki ni 42,000.

Je, alipata hasara? Inategemea laki tano zile zilifanya nini. Ikiwa zilinunua unga, mafuta na gesi kwa bei ya jumla, na vitumbua vikauzwa, basi zilimzalia nje ya kikundi na kumfaa kuliko gawio lenyewe. Ikiwa zililipia sherehe, kikoba kimemsaidia kukopa harusi na kulipa matanga.

Gawio halimwambii mtu hilo. Kitabu kinamwambia, akikifungua.

Faida imetoka mfukoni mwa nani?

Hapa pana jambo ambalo vikundi vingi hukwepa kulitazama usoni. Kikoba hakichimbi dhahabu. Ile milioni 4.8 ya faida haikuletwa na mgeni. Imetoka kwa wanachama wenyewe, kwa wale waliokopa.

Mkopo wa biashara ukizaa, hakuna aliyeumia: mkopaji amepata, na mwenye hisa nyingi amepata. Lakini mkopo wa hospitali hauzai. Mkopo wa msiba hauzai. Aliyekopa kumlaza mtoto wodini akalipa riba miezi minne ameichangia faida ya mwenzake ambaye mwaka wake ulikuwa mzuri.

Ndiyo maana vikundi vyenye katiba nzuri huwa na mfuko wa jamii, mchango mdogo wa kila wiki unaokaa kando na hisa, wa kusaidia ugonjwa na msiba bila riba. Swali la kujiuliza Desemba ni kama mfuko huo ulitosha. Kama mikopo sita ya mwaka huu ilikuwa ya hospitali, basi mchango wa mfuko wa jamii ni mdogo mno, na kuuongeza kwa shilingi 500 kwa wiki ni uamuzi wa maana kuliko kubishania rangi ya kitenge cha mwaka ujao.

Namba hizo zipo. Kila mkopo huandikwa sababu yake. Ni suala la kuchukua kalamu nyekundu na kuzihesabu sababu, kama zinavyohesabiwa noti.

> Kila mkopo una sababu iliyoandikwa. Ni vikundi vichache vinavyozihesabu sababu kama vinavyohesabu noti.

Kuvunja au kutovunja?

Ubishi wa kila Desemba ni huu: kwa nini tuvunje?

Upande mmoja unasema kuvunja ni kurudi sifuri. Mwaka mzima mmejenga mtaji wa zaidi ya milioni 20, kisha mnaugawa asubuhi moja, na Januari mnaanza kuokota elfu tano tano. Kikundi ambacho kingeweza kununua kiwanja au mashine ya kusaga kinabaki kuwa kibubu cha sikukuu. Hawa wanataka mtaji uendelee kukua, ikibidi kikundi kifikie kuwa SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambacho kwa sheria ile ya 2018 ni daraja la tatu.

Upande wa pili unasema fedha ikikaa sana hualika tamaa. Sanduku la milioni 2 humjaribu mtu kidogo. La milioni 60 humjaribu mtu mkubwa. Kuvunja humpa kila mmoja nafasi ya kuondoka kwa heshima, huondoa wasiolipa, hufungua mlango kwa wapya. Zaidi ya yote, mama asiyejua kusoma hesabu ndefu anajua kuhesabu noti zake. Mkimnyima siku hiyo, mmemnyima ukaguzi.

Nimezisikiliza hoja zote mbili, na naona wa pili wana haki katika jambo la msingi: uaminifu unahitaji tarehe. Lakini wa kwanza wana haki katika jambo ambalo wa pili hawalijibu. Kikundi kilichovunjwa katikati ya Desemba kina sanduku tupu mwezi wa Januari, na Januari ndio mwezi ambao mwanachama anahitaji kukopa kuliko miezi yote.

Kuna njia ya katikati, na vikundi vingine vinaipita. Kila mwanachama huchukua faida yote na sehemu kubwa ya hisa, lakini huacha kiasi sawa, tuseme hisa kumi kila mmoja. Kwa kikundi cha watu 25, hizo ni shilingi 1,250,000 zinazolala sandukuni. Hazitoshi wote, lakini zinawatosha wawili au watatu watakaobanwa kabla Februari haijafika. Ukaguzi umefanyika, na sanduku halikubaki tupu.

Desemba ya nani?

Swali la pili ni la tarehe yenyewe. Nani alisema mwaka wa kikundi lazima uishe Desemba?

Kwa mji kama Dar es Salaam, sababu inaeleweka. Shule hufunguliwa Januari. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 kwa shule za serikali hadi kidato cha nne, ikafika kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Lakini sare, viatu, madaftari, nauli na godoro la bweni bado vinamsubiri mzazi. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mkulima wa Njombe au Ruvuma yuko kwenye kalenda nyingine. Kwake mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, na mbolea inatakiwa iwe imeshanunuliwa. Kikoba chake kikivunjwa wiki ya Krismasi, fedha zinamkuta mahindi yameshaota. Kwake mwezi wa kuvunja ni Oktoba.

Mtwara na Lindi ni kinyume chake. Minada ya korosho hufanyika kuanzia Oktoba, kwa hiyo Desemba ndio wakati fedha zipo mikononi. Huo ni wakati wa kununua hisa kwa wingi. Kuvunja kunafaa katikati ya mwaka, mfuko unapokuwa mwepesi na mikorosho inataka kupaliliwa na kupuliziwa dawa.

Kikundi kinachojiuliza vizuri mwishoni mwa mwaka kinaweza kugundua kwamba kosa lake la kwanza ni tarehe. Kimekuwa kikivunja siku ambayo fedha zinatumika vibaya, kwa sababu tu jirani anavunja siku hiyo.

Nina ushuhuda wangu katika hili. Miaka miwili iliyopita kikoba chetu kilivunjwa tarehe 20 Desemba. Nilipokea fedha zangu mchana, jioni nikapita Kariakoo. Tarehe 9 Januari nilikuwa nimesimama dukani, mwanangu kashika kiatu cha shule, nami napekua pochi nikitafuta elfu thelathini. Sikuibiwa, sikuugua, sikusafiri. Nilichokosa ni jibu la swali dogo ambalo ningejiuliza kabla ya kupokea: fedha hizi zina kazi gani?

Usiku ule nilifungua kitabu changu cha hisa. Niliona wiki tano za mwezi wa Agosti hazina muhuri hata mmoja. Nilikaa muda mrefu nikijaribu kukumbuka Agosti ilikuwa na nini. Nilikuwa nimeiishi miezi minne tu nyuma, na sikuweza kuieleza. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Mimi daftari nilikuwa nalo. Sikuwa nimelisoma.

Kausha damu mlangoni

Yupo anayeifahamu Januari yetu vizuri kuliko sisi: mkopeshaji anayeitwa mtaani kausha damu. Anakuja na fomu fupi, anachukua kadi ya benki au friji kama dhamana, na marejesho ni ya kila siku au kila wiki.

Uhusiano wake na kuvunja kikoba ni wa karibu mno. Novemba na Desemba, mwanachama mwenye deni anajua hatapata gawio mpaka alipe. Anakwenda kausha damu, anachukua laki tatu, anazipeleka kikundini, anasifiwa kwa uaminifu. Siku ya kuvunja anapokea gawio, na kabla hajafika nyumbani sehemu yake imeshakwenda kwa mkopeshaji. Daftari la kikundi linaonyesha marejesho asilimia 100. Nyumba yake inaonyesha jambo jingine.

Wengine hukopa kwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Waliokopa humo wanakumbuka jinsi ndugu na wafanyakazi wenzao walivyopigiwa simu na kutumiwa ujumbe wa kuwaaibisha.

Kwa hiyo kikundi kinachotathmini mwaka wake hakitosheki na kuuliza kama fulani amelipa. Kinauliza pia amelipa kwa fedha ya wapi. Si swali la kumkamata mtu. Ni swali la kumnusuru, na kuliuliza kunahitaji kikundi ambacho mtu haogopi kusema ukweli mbele yake.

Njia mbadala zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu wake, ikarejea mwaka 2024. Wanachama wenye mradi wa pamoja, usajili na hesabu zilizonyooka wana mlango wa kugonga. Wasio na hesabu wanabaki na kausha damu.

Sanduku au simu?

Vijana waliojiunga na vikoba miaka ya karibuni wana hoja yao: kwa nini tuhesabu noti juu ya mkeka karne hii? Mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta Tanzania walianzisha M-Koba, ambapo michango ya kikundi hukusanywa kwa simu na fedha haitoki mpaka viongozi kadhaa waidhinishe. Hakuna sanduku la kuibiwa, na kila mwanachama huona salio.

Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya Watanzania watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Simu ya mkononi ndiyo iliyowabeba wengi.

Sina ugomvi na simu. Inalinda fedha vizuri kuliko uvungu wa kitanda. Lakini simu inatoa salio, na salio ni jibu la mwisho bila njia iliyopitwa. Ukurasa wa kitabu cha hisa una visanduku vitano kwa kila wiki. Wiki uliyoweza, vimejaa mihuri. Wiki uliyobanwa, kuna muhuri mmoja na mistari minne ya kalamu. Ukikiinua kitabu kwa mbali unauona mwaka wako kama unavyoliona shamba: hapa pameota, hapa pamekauka.

Kikundi kinachohamia kwenye simu kihame na desturi ya kuitazama taarifa yote ya mwaka, mwezi kwa mwezi, kwa sauti.

> Salio linakwambia umebakiwa na kiasi gani. Mihuri inakwambia umepitia nini.

Ukurasa wa mama wa genge

Turudi chini ya turubai.

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikifungua kitabu cha mama wa genge na kukiinua ili wote wakione. Hakusema neno kwa muda. Hakukuwa na haja.

Kuanzia Januari hadi Aprili, wiki 16, mihuri mitatu kila wiki bila kukosa. Wiki ya kwanza ya Mei, mmoja. Wiki iliyofuata, mmoja. Wiki 22 mfululizo, muhuri mmoja mmoja, kama mtu anayepanda ngazi kwa kushikilia ukuta. Kisha wiki 10 za mwisho, patupu.

Hisa 48 kwa miezi minne ya kwanza. Hisa 22 kwa miezi yote iliyobaki.

Aliulizwa Mei kulikuwa na nini. Akasimulia kwa sauti ya chini. Mtaro wa barabara ulichimbwa mbele ya genge lake, wateja wakahamia upande wa pili. Nyanya na mboga zikawa zinaoza. Juni alikopa kikundini ili ahamishe genge. Alipohamia, kodi ya fremu ikawa kubwa kuliko mauzo. Oktoba akaacha kununua hisa, ikawa anakuja kukaa tu.

Katibu alifungua ukurasa wa faini. Mwaka huo mama wa genge alitozwa faini mara sita: mara nne kwa kuchelewa, mara mbili kwa kutonunua hisa. Zote alilipa.

Faini mara sita. Kumuuliza kulikoni, hata mara moja.

Wanawake wale si wakatili. Ni majirani; wamezikana wazazi, wameozeshana mabinti. Walimwona kila Jumamosi. Wakaona kitabu chake kinapita mikononi mwa katibu kila wiki, kinafunguliwa, kinagongwa muhuri mmoja, kinafungwa. Kilichotakiwa kuonekana kilikuwa mezani miezi saba, na kingeonekana mapema pengine fremu ile isingepangwa. Mama mmoja pale pale alisema kwamba ana kibaraza kitupu upande wenye wateja. Angekitoa tangu Juni, lau angejua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumekuwa tukiutathmini mwaka kama watu wanaofika kwenye msiba kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini. Kuufikiria mwaka uliopita kuna faida moja kubwa: kunakufundisha ishara ulizozipuuza, ili mwaka ujao uzitambue zikiwa bado ndogo. Tathmini isiyobadilisha namna tunavyotazamana mwezi wa Mei imekwisha pamoja na pilau.

Kabla ya chakula kugawiwa, katiba iliongezwa kifungu. Katibu alikiandika kwa mkono wake nami nikakisoma. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya kupokea hisa, vitabu vyote vitafunguliwa mezani na kutazamwa. Ambaye mihuri yake imepungua atatembelewa nyumbani na wanachama wawili ndani ya wiki hiyo. Siku hiyo hatatozwa faini.

Kifungu cha pili kilikuwa kifupi zaidi: kabla ya kupokea gawio, kila mwanachama ataeleza gawio la mwaka uliotangulia lilifanya kazi gani. Wapo walioguna. Mama wa vitumbua alisimama wa kwanza na kukiri kwamba la mwaka jana hakumbuki.

Wakaacha hisa kumi kumi, wote isipokuwa mama wa genge, ambaye kikundi kilimwambia asiache kitu. Hakukubali. Alitoa shilingi 5,000 katika zile 54,000, akaomba agongewe.

Kitabu kipya kikaletwa. Katibu akagonga muhuri kwenye kisanduku cha kwanza, akapiga mistari kwenye vile vinne vilivyobaki. Kisha kabla ya kukifunga akainua macho, akamuuliza kibaraza atakwenda kukiona lini.